Jumapili Niliyojiposa Mwenyewe

Mkasa huu umenichukua miaka kuusimulia bila kufunika uso, kwa hivyo ngojeni nimalize ndipo mcheke. Ni enzi zile miwa ilikuwa miwa kweli, huku Butere watu wamepanda mpaka mlangoni, na mimi nilikuwa msichana wa kwaya niliyeamini kabisa kwamba furaha ya maisha yote iko kwa mwanamume mmoja, ukishampata umemaliza. Wangu alikuwa Festo, dereva wa trekta ya kubeba miwa, ambaye kila akipita alikuwa ananipigianga honi (baadaye niligundua hata ng'ombe alikuwa anawapigia).

Siku moja akasimamisha trekta. "Baba yako atakuwa nyumbani Jumapili? Nataka nije tuongee."

Sikuuliza wataongea nini. Nilimnong'onezea shangazi Berita, dada ya baba, yeye peke yake, naye akaambia kanisa nzima, na Jumapili ikafika baba yuko ndani ya koti, ingokho, kuku wa wageni, inachemka, kwaya imejipanga langoni, nami nimebanwa na gauni la kuazima hata kupumua ni shida.

Festo akatokea na gambuti zake za shambani miguuni. Vigelegele! Kwaya ikaanza, naye akageuka nyuma kutazama ni nani anayekuja.

"Mzee," akamwambia baba kelele zilipotulia, "nimekuja kwa sababu ya miwa yako. Nionyeshe trekta itapitia wapi, nisikanyage mahindi." Kisha, kwa heshima zote: "Bibi yangu anawasalimia, ana mtoto mchanga."

Nilikimbilia jikoni, gauni likapasuka mgongoni mbele ya wote.

Nikamsikia baba akikohoa. "Njia tutaiangalia, kijana. Keti kwanza ule."

Shangazi akanifuata, akanifunga leso mgongoni. "Mdomo ulikuwa wangu, na aibu ni yangu. Pangusa macho tupakue obusuma, ugali usipoe." Halafu akatoka akawatangazia wageni, bila hata kupepesa jicho, kwamba tulikuwa tumewaita kumshukuru Mungu kwa mavuno! Kwaya ikaimba upya, Festo akacheza, na pale kanisani hakuna aliyewahi kunitajia jambo hilo.

Niliolewa baadaye, na mume wangu ni mtu mzuri, lakini niliapa sitampa mtu mmoja kazi ya kunifurahisha maisha yote, nitamchosha bure. Shangazi alishazikwa. Nikimkumbuka kwenye maombi, namshukuru Mungu kwanza kabisa kwa ule uongo wake.