Jeshi la Kyungu Jangwani

Udongo wa mfinyanzi ukichomwa ndani ya jivu la mbabula, jiko la makaa, hutoa harufu ya mvua iliyochanganyika na moshi, na harufu hiyo ndiyo iliyojaa jikoni kwa mama yangu mwaka ule shule zilipofungwa. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, walimu walikuwa hawalipwi, na sisi watoto wa mtaa wa Kataki, hapa Kalemie, tulibaki bila kazi toka asubuhi mpaka jioni. Mama alipika bugali juu ya makaa, na mimi chini yake, ndani ya jivu, nilipika askari. Walikuwa wadogo kama kidole gumba, vichwa vikubwa, miguu mifupi. Wengine walipasuka kwa moto wakatoka bila mkono, na hao tuliwaita majeruhi, tukawapeleka vitani kama wenzao. Mama alilalamika kwamba siku moja atauma mguu wa askari ndani ya bugali, lakini hakunifukuza kwenye jivu lake.

Vita vyenyewe tuliviokota redioni. Watu wazima walikuwa wakikusanyika jioni kusikiliza habari za vita vya jangwani, kule Uarabuni, na sisi tulisikiliza nyuma ya migongo yao. Tulisikia vifaru, mchanga, visima, askari wanaopotea kwa sababu ya upepo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona jangwa. Tulikuwa watoto wa ziwa, na tulipochota mchanga ufukweni kulijenga jangwa letu, Amisi, rafiki yangu wa jirani, alilipamba kwa michikichi na kuweka mtumbwi pembeni. Kyungu, mwenzetu wa tatu, aliing'oa michikichi yote. "Jangwa njo mahali pasipo kitu, Amisi," alimwambia. "Ule mutumbwi utavua samaki gani, samaki ya mchanga?" Amisi alijibu kwamba hata samaki wanaweza kuwa na bahati mbaya, tukacheka, lakini mtumbwi uliondoka.

Kyungu ndiye aliyekuwa na akili ya mchezo. Meza ilikuwa kwao, uani: mlango mpya wa mninga ambao baba yake aliuweka juu ya madumu ukisubiri nyumba aliyokuwa anaijenga polepole. Juu yake tulimwaga mchanga, tukapanga mawe kuwa vilima, na makopo ya sardini yenye bomba la tete mbele yakawa vifaru. Dadu tuliikata kwenye kandambili mbovu, tukaichoma nukta kwa msumari wa moto. Kanuni zilikuwa za Kyungu, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya maji. Kila jeshi lilikuwa na kifuniko kimoja cha chupa ya bia kilichojazwa maji, kikakaa juani mchezo ukiendelea. Kile ambacho jua lilikinywa, ndicho askari walichokunywa. Mwenye kushika kisima alijaza upya. Aliyezingirwa hakujaza, na kifuniko kikikauka, jeshi lake lilikuwa na mrusho mmoja tu wa dadu wa kujinasua, kisha basi, limekufa kwa kiu.

Baba yake, Papa Kyungu, alikuwa mpakizi wa mizigo bandarini, mtu wa maneno machache, na mchezo wetu hakuupenda. Kila jioni alipita akitoka kazini, akatazama mchanga juu ya mlango wake, akasema, "Musiukwaruze." Sisi tuliinamisha vichwa mpaka apite, halafu Kyungu akamwigiza, sauti nzito vilevile: "Musiukwaruze jangwa."

Tulimzingira Kyungu msimu wa mvua ulipoanza. Mimi na Amisi tulicheza pamoja, kwa sababu mmoja mmoja hatukumweza, na baada ya kushindwa na kushindwa tena tukafanikiwa kumfungia kati ya vilima viwili, mbali na kisima. Alifurahi kuliko sisi. Alisema sasa ndiyo vita vya kweli. Lakini bomba za mtaa zilikuwa zimekauka tangu kitambo, eti dawa za kusafisha maji zimekwisha, na watu wote walikuwa wanachota ziwani, hapohapo pa kuogea na kufulia. Kolera, kipindupindu, iliingia mtaani. Kyungu aliamka anaharisha maji meupe kama maji ya mchele, na kabla ya saa sita baba yake alimbeba mgongoni, mbio, mpaka hospitali.

Wodi ya kolera ilizungushiwa uzio wa waya, na aliyeingia hakutoka mpaka apone. Mama yake aliruhusiwa kuingia kumwangalia, sisi hapana. Watu walisimama nje ya uzio asubuhi na jioni, harufu ya javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, ikichoma macho, wakapaza sauti kuwaita wagonjwa wao, na waliokuwa na nguvu waliitikia kupitia dirishani. Kwa hiyo nasi tulikwenda kuita.

"Kyungu, uko?"

"Niko." Sauti ilikuwa yake, lakini nyembamba. "Jeshi yangu iko?"

"Iko," nilisema. "Tulifunika kifuniko chako na bakuli, jua isinywe maji."

"Mufunue. Vita haisimame kwa sababu mukubwa yake anaharisha."

Tulisikia mama yake akicheka ndani, na mwanamke mmoja kwenye uzio akacheka pia huku analia. Tangu siku ile tulicheza hivyo: tulimpelekea habari za uwanjani, naye alitutumia amri, na sisi tulikimbia kurudi kuzitekeleza. Papa Kyungu, aliyekuwa akifika na uji kabla ya kwenda bandarini, alisimama karibu yetu akisikiliza. Siku moja tu, tukiwa njiani kurudi, alituuliza polepole kama mtu anayeuliza njia katika mji wa kigeni: "Ile maji munasemaka, ni maji gani?" Tukamweleza kanuni yote mpaka bandarini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaingia kazini.

Kyungu alionekana anapata nafuu, kisha akazidiwa tena. Serumu, yale maji ya kutundikiwa mgonjwa, zilikuwa chache, wagonjwa wengi. Kifuniko chake nacho kilikuwa karibu kukauka, na Amisi hakuvumilia. Pale kwenye uzio akapaza sauti: "Kyungu, tumepata kisima nyuma ya askari wako."

Tulidhani amelala.

"Nani aliichimba?"

"Ilikuwako tu."

"Muongo weye. Pale hapana kisima. Musinichezee kama mugonjwa."

"Lakini weye uko mugonjwa," Amisi alisema.

"Ni mimi mugonjwa. Askari wangu ni wazima." Alipumzika, tukasubiri. "Maji ikiisha, wapite katikati ya vilima. Wote. Asibaki mutu."

Hiyo ndiyo amri ya mwisho tuliyoipokea. Kesho yake asubuhi Papa Kyungu alikuwa amekaa chini kwenye udongo, nje ya uzio, chombo cha uji kando yake kikiwa bado kimefungwa, na ndani tulimsikia mama yake akilia. Hakuna aliyelazimika kutueleza.

Kwa kolera, mwili haurudi nyumbani. Watu wa hospitali walimfunga, wakammwagia dawa, wakamzika wenyewe mbali, na baba yake aliruhusiwa kutazama akiwa amesimama barabarani. Hakumwosha. Hakutia udongo kaburini kwa mkono wake. Matanga yalikatazwa mtaa mzima, watu wasikusanyike wala kula pamoja, na mama yake alibaki wodini akichunguzwa. Majirani walipita mbele ya nyumba wakatoa pole kutoka njiani, wakaenda. Kwetu, mtu akifa, uani panajaa, moto unawaka, hulali peke yako na msiba. Papa Kyungu alibaki na ua mtupu na meza yetu.

Mama yangu alitukubalia twende kwa Papa Kyungu, ilimradi tusile kitu. Tulisimama mbali kidogo. Papa Kyungu alitoka ndani, akakaa juu ya dumu, upande wa meza aliokuwa akikaa mwanawe.

"Nani anaongoza askari yake?"

"Hakuna, Papa," nilisema.

Alichungulia kifuniko. Kilikuwa kikavu. "Alisema waende wapi?"

"Wapite katikati ya vilima, Papa. Wote. Dadu ikitoa tano ao sita, wanapita."

Akaichukua ile dadu ya kandambili kwa vidole vyake vya kubebea magunia, akaishika muda mrefu, akairusha. Ikaonyesha mbili.

"Urushe tena, Papa," Amisi alisema haraka. "Tunakubali."

"Yeye alikuwaka anarusha mara mbili?"

"Hapana, Papa," nilisema.

"Basi."

Alimchukua askari wa kwanza, akampangusa mchanga usoni kwa kidole gumba, akamlaza chali. Akamchukua wa pili. Hakuharakisha. Kila mmoja alimpangusa, akamnyoosha, akamfunika mchanga kwa kiganja, na wale wasio na mikono vilevile. Sisi tulimsaidia kuwasogeza karibu. Alipomaliza alisawazisha mchanga wote, akaweka mkono juu yake, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, na Amisi na mimi tukalia naye mpaka mama yangu akaja kutuchukua.

Leo mimi natengeneza simu na redio sokoni, na ni mtu wa kucheka, wateja wanaujua mdomo wangu. Kolera bado inarudi mvua zikianza, kwa sababu bado tunachota palepale, ila siku hizi hospitali wanamruhusu mzazi asogee karibu zaidi na kaburi. Na matanga yamekuwa makubwa: viti vya plastiki, spika, fulana zenye picha ya marehemu. Naenda, naimba, nakula, nachanga. Wakati mwingine watu wamejaa mpaka barabarani, na bado natazama huku na huku kutafuta nani hasa amekuja kumzika mtu.