Shukrani za Minza kwa Wageni wa Bahari

Minza wa Puge, wilayani Nzega, hajawahi kuiona bahari, na wala hajaitamani. Yeye ana lambo la kijiji. Tangu mumewe afariki, samaki wa lambo hilo, perege aliowakaanga na kuwauza gulioni, ndio waliomlelea wanawe. Mvua za mwaka juzi zilianza kulimega tuta linalozuia maji yake, na kila mtu alijua kwamba lisipozibwa, mvua kubwa moja tu ingelimaliza.

Ndipo wakaja wataalamu kutoka Dar es Salaam, fulana za buluu, kukusanya maoni ya wananchi kuhusu sera ya uchumi wa buluu. Maoni ya bahari, Puge! Kiongozi wao aliwahubiria wafugaji habari za matumbawe na mwani hadi watoto wakasinzia migongoni mwa mama zao. Mwishoni likamponyoka neno la maana: sera hiyo inahusu pia maziwa, mito na mabwawa. Minza akaketi wima. Kumbe hata lambo lake limo!

"Mwenye maoni? Dakika mbili kila mmoja," akasema kiongozi.

Minza akasimama. Sasa, Puge mtu mwenye adabu haiparamii shida yake moja kwa moja.

"Wageni wetu, shikamooni. Namshukuru Mungu kwa kutuamsha salama. Namshukuru mwenyekiti wetu, Mzee Mayala, kwa kunipa nafasi. Nawashukuru nyie kwa kutukumbuka. Poleni na safari, poleni na vumbi. Dereva wenu naye namshukuru, kawafikisha salama. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wenzangu..."

"Ahsante, mama, muda umekwisha," akasema kiongozi. "Maoni yako tumeyapokea."

Makofi yakapigwa. Minza akaketi, lambo limemkwama kooni.

Baadaye redio ikatangaza kwamba wananchi wa bara wameipongeza sera kwa kauli moja, na kwamba mama mmoja wa Nzega alikuwa na shukrani tele hata muda haukumtosha. Majirani wakaja kumpa hongera. Alitamani ardhi ipasuke.

Mvua zikaja, tuta likaenda na maji, na perege wakaenda nalo. Kisha wageni nao wakarudi, ati kuhakiki maoni. Safari hii Minza hakumsalimu mtu.

"Tuta limevunjika. Lambo limekauka. Sina cha kuuza, na wanangu wanalala njaa. Lijengeni."

Akaketi. Kiongozi, tusimwonee, alishika kalamu. Lakini Mzee Mayala akawahi kusimama, uso umemshuka kwa aibu.

"Waheshimiwa, tuwieni radhi. Hata salamu! Sisi hatukulelewa hivyo. Naomba hilo msiliandike."

Na wageni, kwa kumheshimu mzee, hawakuliandika.