Jina la Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mume wangu alitoka chumbani akanikuta nikikoroga uji, akanisalimia kwa adabu kama mtu aliyelala nyumba ya watu.

"Habari ya asubuhi, dada," akasema. "Mama yangu ako wapi? Anajua niko hapa?"

Nikamwambia mama yake yuko Katangi. "Basi nitangoja gari," akajibu, akaketi ukingoni mwa kiti, mikono magotini, akangoja. Nilikuwa mkewe. Mtoto wetu Riziki alikuwa bado amelala kwenye kitanda alichotoka yeye.

Umekuja kwangu ukiniomba nikuonyeshe namna ya kushika masomo kichwani, kwa sababu watu wamekuambia kwamba Bi Rukia anazijua mbinu hizo. Nazijua kweli. Nitakuonyeshea palepale katika habari ya huyo mume wangu, maana ndiye niliyejifunza kwa ajili yake. Uvumilie, kwa kuwa si habari ya kufurahisha.

Alizaliwa Katangi, akapewa jina Musyoka. Alikuja Machakos mjini akiwa kijana, akaajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyumba ya baba yangu ilikuwa nyuma ya msikiti. Babu yangu alitoka pwani, mama yangu ni Mkamba aliyesilimu, na sisi tulikua tukizungumza Kiswahili na Kikamba kwa pamoja bila kujua kimoja kinaanzia wapi. Musyoka alisilimu kabla ya nikaha akaitwa Yusufu. Jambo lililonivutia kwake ni jinsi alivyowakumbuka watu. Fundi akirudi dukani baada ya msimu mzima, Yusufu alimuuliza kama lile paa la Kangundo limekwisha na kama mtoto wake amepona kikohozi. Mimi mwenyewe alinikumbusha maneno niliyomwambia siku ya kwanza kuonana, ambayo nilikuwa nimeshayasahau.

Mwaka ule wa mvua za El Niño homa iliingia karibu kila nyumba. Ya Yusufu ilipanda kichwani. Alilala hospitali bila kujitambua, na alipozinduka alisema Kikamba kitupu, kisha Kiswahili kikarudi kidogo kidogo. Daktari akaniita pembeni. Alinieleza kwamba ugonjwa umegusa ubongo, mambo ya utotoni yamebaki, miaka ya karibuni imefutika, na mapya hayakai.

"Mrudishie polepole," akaniambia, "lakini siwezi kukuahidi chochote."

Mimi nilishika lile neno la kwanza tu. La pili nililiacha palepale kwenye korido.

Nikaenda kwa Maalim Idi, mzee aliyefundisha watoto madrasa na kuwavusha katika sura ndefu ambazo wazazi wao walidhani hawataziweza. Nilimkuta barazani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nyumbani anapotea?"

"Hapana, Maalim. Choo anakijua. Maji anajua yaliko. Miguu inampeleka yenyewe."

"Basi tumia nyumba, mwanangu. Jina tupu halina pa kushikwa. Lipe picha, na hiyo picha uiweke mahali ambapo miguu yake imeshapazoea. Wewe ni Rukia. Mwambie mlangoni kuna mwanamke anaruka kizingiti, tena aruke juu mpaka viatu vimtoke. Picha ikichekesha inakaa. Ikiwa ya kawaida inaondoka na upepo."

Tukapanga nyumba nzima namna hiyo. Mlangoni, mwanamke anayeruka. Juu ya meza, mtoto mdogo ameketi katikati ya sinia la wali, na huyo ndiye Riziki. Kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, kanzu ya Nabii Yusufu, na hilo ndilo jina lake mwenyewe. Majirani tuliwatungia wimbo mfupi kwa mpangilio wa nyumba zao, kwa sababu wimbo ukianza hujivuta wenyewe hadi mwisho. Maalim alinionya nisimrudie somo mfululizo. Nimuulize asubuhi, nimwache mpaka adhuhuri, kisha jioni, kisha nipitishe siku nzima bila kuuliza. Kichwa kinachopewa nafasi ya kutafuta hushika zaidi kuliko kinacholishwa kila saa. Hilo, mwanangu, lichukue. Ni kweli kwa mgonjwa na ni kweli kwako.

Wiki za mwanzo hakuna kilichokaa. Nilimwambia habari za yule mwanamke wa mlangoni, akacheka, na chai haijapoa akaniuliza tena mimi ni nani. Nilikuwa nikiingia jikoni nikilia juu ya sufuria ili Riziki adhani ni vitunguu. Ndipo siku moja nikiwa nafagia alisimama akiutazama mlango, midomo ikimchezacheza, akasema, "Rukia."

Niliuangusha ufagio. Nikamkumbatia, naye akasimama wima, mikono ameishusha, akingoja nimalize.

Baada ya hapo akaenda haraka. Mezani, Riziki. Kwenye msumari, Yusufu. Majirani akawaimba wote. Wageni walipokuja nilimwambia, "Yusufu, hebu waambie," naye akaanza mlangoni, akazunguka nyumba kwa macho, akamaliza bila kukosea. Watu walisema mashaallah, wengine wakanisifu kwa subira. Mimi nilijazwa na furaha ambayo sasa ninaionea huruma. Nilikuwa nimeona kwamba akitaja jina langu hanitazami mimi, hutazama mlango. Niliona, nikajiambia kwamba macho nayo yatafuata.

Kisha tukakutana sokoni.

Alizoea kufuatana na jirani yetu mmoja hadi msikitini na kurudi. Siku hiyo walipitia sokoni, nami nilikuwa nimeinama nikichagua nyanya. Niliinuka nikamwona mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa. Moyo wangu ulifurahi kama wa msichana. Nikamtabasamia.

"Habari yako, dada," akasema, akanipisha nipite.

"Yusufu. Ni mimi."

Akanitazama usoni vizuri. Nilimwona akihangaika. Alifumba macho, shingo ikageuka kidogo kama mtu anayeingia mahali, na nikajua anarudi nyumbani kichwani mwake, anautafuta mlango. Akafumbua macho.

"Rukia," akasema. Kisha kwa wasiwasi, akaongeza, "Wewe ndio yule wa mlangoni?"

Muuza nyanya alicheka akidhani ni utani wa mke na mume. Mimi nilisema ndiyo. Ningesema nini, mwanangu? Nilimfundisha jina langu, akalijua. Lakini uso wangu haukuwa umebaki popote kichwani mwake.

Mama yake alifika siku chache baadaye. Barabara ya Yatta, inayotoka kwao Katangi, ilikuwa imekatwa na mvua, kisha akaugua mguu, ndiyo maana alichelewa kiasi hicho. Aliingia akichechemea, kikapu cha mbaazi begani. Mwanawe aliruka kutoka kitini kabla hajavuka hata kizingiti.

"Mwaitu!" akalia, yaani mama yangu, na akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu homa. Hakufumba macho wala hakuutazama mlango. Alizungumza Kikamba harakaharaka, akauliza habari za ng'ombe ambaye alikuwa amekufa zamani, na mama yake akamjibu taratibu, akiwa amemshika mkono.

Nami nikafanya lile nililozoea kuwafanyia wageni. Nilitaka mama aone kazi yangu. "Yusufu," nikasema, "hebu mwambie mama."

Kicheko kikamkauka. Alinyooka kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, akaanza. Mlangoni, Rukia. Mezani, Riziki. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alipofika kwenye msumari alikwama, akanitazama kwa hofu, akarudi kuanza upya mlangoni.

"Wacha," mama yake akasema. "Wacha, Musyoka. Inatosha."

Akamtuma nje akamtazamie Riziki uani. Tulipobaki wawili alinishika kifundo cha mkono.

"Mwiitu wakwa," akaniita, binti yangu, "umefanya kazi kubwa. Hakuna mtu angefanya hivyo. Lakini huyu mtoto anafanya mtihani kila siku, na mwalimu ni wewe. Nani anakaa kwa raha na mwalimu wa mtihani?"

"Mama, nikiacha atanisahau kabisa."

"Ameshakusahau," akasema. Hakulisema kwa ukali. Machozi yalikuwa yanamtoka naye. "Hiyo unayosikia ni jina tu. Mwenye alikuwa analiita ameenda. Hata mimi ninamlilia. Umeuliza yeye anataka nini?"

Sikuwa nimeuliza. Tulimwita, nikamuuliza mwenyewe.

"Nataka kwenda nyumbani," akasema.

"Nyumbani ni hapa, Yusufu."

Akatazama chini, na midomo ikaanza tena kucheza, akitafuta jibu la kunipendeza. Hapo ndipo nilipokubali aende.

Alikwenda Katangi na mama yake. Nilimfuata kila nilipoweza, mimi na Riziki. Sikumuuliza tena jina la mtu. Tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba, tukichambua mbaazi. Alinenepa, akalala vizuri, akachunga mbuzi. Zile picha zote zilimtoka, mlango na sinia na kanzu, moja baada ya nyingine. Yusufu alimwita Riziki kwa jina la dada yake yeye aliyekufa mdogo, na mtoto akaitika, kwa sababu watoto huitika wakiitwa kwa upendo. Mimi hakuniita chochote. Niliposogea kwenye benchi alijisogeza kunipa nafasi bila kuambiwa, siku zote upande uleule. Kwa miaka nilijiambia kwamba ile nayo ni kumbukumbu. Sijui, mwanangu. Huenda ilikuwa ni adabu tu, maana alilelewa vizuri.

Alifariki miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga. Kifua kilimbana siku mbili tatu, basi. Mwishoni alimwita mama yake, naye alikuwepo. Mimi nilikuwa nimeshika miguu yake. Nilingoja. Hakuna kilichokuja.

Watu walitaka kunifariji wakasema moyoni alinijua. Wanaosema hivyo hawakusimama pale sokoni. Nimeishi na hilo, na sijapata dawa yake, wala sitakudanganya kwamba ninayo. Mama mkwe wangu aliniambia kweli mapema kuliko wengine wote, na nilimpenda kwa hilo, lakini kweli ile haikunipunguzia kitu.

Basi hii ndiyo nasaha yangu. Masomo yako yape picha, tena za kuchekesha, uziweke mahali unapopajua, uyaimbe yale marefu, uyaache yapumzike kisha uyaite. Utafaulu, na nitafurahi. Lakini mbinu hizo ni za vitu, usizipeleke kwa watu ukadhani zitafanya kazi ya kuishi nao. Wanaokupenda, kaa nao sasa, wakiwa wanakujua bila kufumba macho. Wazungumzishe, waguse mikono, ule nao. Na ikitokea siku mmoja wao akapotea ndani ya kichwa chake, usimfanyie mtihani. Muulize anataka nini, umpe, hata kama anachotaka si wewe. Itakuuma. Mpe tu.

Mungu akupe kichwa chepesi na moyo usio na haraka, mwanangu. Akutangulizie watu wa kukuita kwa jina lako wakikutazama usoni, na akuchukue wewe kabla hajawaondolea wao macho hayo yanayokujua. Amina. Sasa lete kitabu chako tuanze.