Mawese Yaliyopungua Darasani

Evangelina alikuwa na watoto zaidi ya tisini darasani na koo lililokauka. Alirudi Burundi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania akiwa msichana, akasomea ualimu, na sasa, hapa Minago, kila programu mpya ilimkuta amechoka zaidi kuliko ilivyomkuta ile iliyotangulia.

Hii ya sasa ilisema mtoto mdogo hupima kwa macho. Mimina maji ya kikombe kipana kwenye chupa nyembamba, naye ataapa yameongezeka. Asiyetambua kwamba ni yale yale, akili yake bado haijafika kwenye vipimo, arudie mwaka. Maneno mazuri, ya watu waliolala usingizi wa kutosha.

Merveille alikuwa amesharudia mara moja. Mama yake, Esperance, mchuuzi wa mafuta ya mawese aliyetoka Kivu, alikwishasema wazi: akirudia tena, anamtoa shule. Evangelina alimpenda mtoto yule, na jambo hilo lilimnyima raha.

Siku ya jaribio bomba halikutoa hata tone. Evangelina akaazima mawese jikoni kwa shule. Bwana Hyacinthe, mshauri wa elimu kutoka mkoani, alikaa nyuma akijipepea kwa mwongozo wa programu. Merveille akaitwa mbele, mwalimu akamimina mawese ya kikombe kwenye chupa.

"Sasa ni mengi, ni machache, ama ni yale yale?"

"Imepunguka, mwalimu."

Hyacinthe akatikisa kichwa. "Huyu bado. Arudie."

Evangelina alitamani kunyamaza tu, akae chini. Moyo ukamkatalia. "Imepunguka kwa nini?"

Merveille akapitisha kidole ndani ya kikombe, akakitoa chekundu. "Ingine imebakia humu."

Hyacinthe alikitazama kidole kile, kisha mwongozo wake. "Haya, apande darasa," akasema.

Jioni Evangelina alisahau uchovu wote. Akapitia kwenye meza ya Esperance kando ya barabara, akamsimulia kila kitu, mpaka namna kidole kilivyopita.

Esperance alisikiliza huku akifunga chupa. "Murakoze, aksanti, mwalimu. Nilizani mutoto iko mujinga." Akafuta mikono. "Kumbe mafuta anaijua kunishinda. Basi masomo imetosha. Kesho ataanza kuuza hapa."

"Mama Merveille, sikuja kwa hilo."

"Najua, mwalimu. Pole na kazi."

Evangelina akaondoka polepole, akijua ni mdomo wake mwenyewe uliomtoa mtoto shuleni.