Yule Aliyekula Chambo Changu Pale Lukuga

Musianze kuniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Sikunywa. Ilikuwa saa ine ya asubui, jua linawaka, wamama wanafua nguo kando ya muto. Nasema hivyo mbele kabisa kwa sababu kila muntu akisikia kisa hiki, swali lake la kwanza njo hilo, na nimelichoka. Miye nilikuwa karani kwenye biro ya reli miaka mingi, nikiandika vitu vilivyopita mbele ya macho yangu. Nawaeleza hivi hivi, kama vilivyopita.

Tangu nipumzike kazi, mimi ni muvuvi wa ndoano pale muto wa Lukuga unapoacha ziwa kuingia nchi kavu. Natafuta ngege, samaki wale wanene wanaojificha kwenye nguzo za daraja. Wenzangu wanatia munyoo, wanangoja. Miye nilitaka chambo changu mwenyewe. Nilisonga bugali ya muhogo na mahindi, nikaifanya madonge, na kila donge nikalitia kitu chake: moja mawese, moja unga wa ndakala, wale dagaa wetu, moja kitunguu saumu, moja vanilla ile ya keki, moja ndizi iliyooza. Nikanunua kaye, daftari la shule, nikaandika namba ya donge, siku, saa, na pahali nilipotupa.

Miezi sita! Mutaniamini? Miezi sita nasonga, naonja, natupa, naandika, na samaki wananidharau. Kaye imejaa neno moja tu: hakuna, hakuna, hakuna. Pembeni yangu Papa Ilunga, jirani yangu, ametia munyoo wake wa bure, anatoa ngege wa ine, anapiga mluzi. Nyumbani bibi yangu, Mama Furaha, ananifunulia sufuria: "Docta wa samaki, leo tunakula kaye?" Sikucheka hata kidogo. Nilikuwa na hasira na samaki, na muto, na mawese, na yeye pia.

Sasa, siku hiyo nilikaa juu ya jiwe, madonge matano kwenye sahani. Chambo changu nakionja kwanza, ndiyo, musinicheke. Kitu kinachonishinda miye, nitampaje samaki? Nilikuwa natafuna kipande cha donge la tano wakati muntu mumoja alipita. Shati jeupe, suruali imepigwa pasi, viatu mukononi. Si kijana, si muzee.

"Jambo, Papa."

"Jambo," nikajibu, mudomo umejaa.

Na munajua tulivyolelewa. Muntu akikukuta unatafuna, unasema nini? Nikasema, "Karibu, Papa, tule." Basi! Ni maneno ya mudomo tu, wote tunayasema, na mwenzako anajibu asante, nimeshiba, anapita zake. Huyu akaketi. Akachukua donge la kwanza, akalitia lote mudomoni.

"Papa, hicho ni chambo!"

"Najua," akasema, anatafuna pole pole. "Hili ulilitupa Jumanne, kwenye nguzo ya pili. Mawese yalikuwa ya zamani."

Akachukua la pili. "Hili watoto walilipenda. Lakini ulilikaza sana, mudomo hauingii." La tatu, lile la kitunguu saumu, alilinusa tu, akanikazia macho. "Na hili ulitufukuza nalo. Tulihama juma nzima."

Tulihama. Nilisikia vizuri, masikio yangu hayana shida. Nikafungua kaye: namba moja, mawese, Jumanne, nguzo ya pili. Kaye hiyo hata Mama Furaha hajaisoma. Sasa muntu mwenye akili angefanya nini? Angekimbia, si ndiyo? Lakini miye, hasira ya miezi sita ilikuwa imenifunga macho. Niliona nimepata mwenye kujua, nikamuuliza, "Basi kinakosa nini, Papa? Niambie, nimechoka!"

Akamaliza sahani yote kwanza. Kisha akasema, "Unabahatisha. Unapikia watu na hujawauliza wanapenda nini." Akanisogelea. "Wewe, kwa mufano, unapenda kula nini?"

Na nikamujibu. Mujinga miye, nikamujibu kila kitu! Bugali ya muhogo, laini, na ndakala wabichi kwa mawese, vile mama yangu marehemu alivyopika tulipokaa Kabimba. Alisikiliza kama muntu anayeandika. Akaniuliza hata kama natia chumvi mbele au nyuma.

"Vizuri," akasema akisimama. "Nimekula kwako. Na wewe utakula kwangu."

Akateremuka majini na suruali yake ya pasi, maji yakafika kifuani, yakafika shingoni, basi. Wamama waliokuwa wanafua walimuona, waulizeni. Walifikiri anaoga. Walingoja atoke, wakangoja, wakakusanya nguo zao mbichi wakaenda.

Miye nilibaki. Ndiyo, nilibaki, kwa ukaidi. Niliomba munyoo kwa Papa Ilunga, nikatupa. Uzi ukavutwa, nikavuta, na kwenye ndoano hakukuwa samaki. Kulikuwa donge la bugali. La moto! Linatoa mvuke, limetoka majini na halijalowa. Lilikuwa limeungua upande mumoja, nikalitupa kwa chuki. Kesho yake nikarudi: donge lingine, halikuungua. Siku ya tatu lilikuwa na ndakala juu, ila chumvi ilizidi, niliisikia kwa pua. Siku ya ine chumvi ilikuwa sawa.

Hapo njo nilielewa. Kazi ile naijua. Ni kazi yangu mwenyewe! Nililipasua lile donge kwa kisu. Ndani mulikuwa ndoano isiyo yangu, ya mufupa, na uzi mwembamba kama unywele, unaorudi majini.

Nikaukata, nikakimbia, nikaacha sahani, kaye, na kila kitu. Tangu siku hiyo sijatupa ndoano. Sufuria ni ya lenga-lenga, mboga tupu, kila siku, na Mama Furaha ameacha kunitania. Pasteri ameomba nyumbani kwetu mara tatu. Lakini jioni upepo ukitoka ziwani, harufu inapanda mupaka kwetu, miye peke yangu naisikia. Na kila juma inakuwa nzuri zaidi. Naapa, inanichosha! Wale wa majini wanayo subira, nami najua ni subira ya namna gani.

Kwa hiyo sikieni, nyie munaochanganya chambo. Onjeni mukiwa mumejificha. Muntu akikukuta unatafuna kando ya maji, funga mudomo, akuite mubaya, apite. Na akikuuliza unapenda kula nini, mudanganye, mutajie kitu kinachokutapisha.

Alhamisi iliyopita harufu haikukosa kitu. Ilikuwa mama yangu kabisa, na sufuria yake, na moshi wa kuni zake. Mama Furaha alinikuta kwenye njia ya muto, nimevaa shati safi na nimeshanawa mikono. Alinirudisha akilia, ananivuta kwa mukanda. Sasa usiku analala na ufunguo wa mulango umefungwa kwenye kikwembe chake, na ni miye niliyemuomba.