Kesi Yangu Ilipohamia Jeddah

Ujuaji wangu nusura uniponze, nasema wazi. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, ilitolewa Riyadh, na madam aliyeniajiri anakaa Sulimaniyah, huko huko Riyadh. Lakini kazi yenyewe niliifanya Jeddah, mtaa wa Ruwais, nikimtunza mama yake mzee miaka miwili. Nilipoomba kurudi nyumbani kwa wanangu, madam akaripoti kwamba nimetoroka. Na mtoro huku hafungi mizigo akaenda zake. Hukamatwa.

Wakenya wenzangu wanaokaa mtaa wa Shumaisi wakaniambia kesi hufuata ikama, hufunguliwa kule ilikotolewa. Nikaamini, maana huku kila kitu hufuata ikama, hata laini ya simu. Nikapanda basi hadi Riyadh kumshtaki madam ili ripoti yake ifutwe.

Shahidi nilikuwa naye mmoja tu, bawabu wa jengo letu pale Ruwais, Mkamba mpole aliyeniona kila siku. Riyadh hangefika. Akiacha geti siku mbili, kazi imeenda.

Siku ya kusikizwa, wakili wa madam alidai nilipotea na hakuna ajuaye nilikokuwa. Hakimu akaniuliza kazi nilifanyia wapi. Nikasema Ruwais. Akaandika kidogo, akafunga faili. Mkalimani akaniambia halas, basi, kesi hapa haisikizwi tena, inapelekwa Jeddah kazi ilikofanyika. Ala! Nikawaka. Nilijua nimefukuzwa, nikamfokea mkalimani wa watu hadi korido nzima ikageuka. Alinisubiri nimalize, kisha akaniuliza shahidi wangu anakaa wapi. Jeddah, nikamjibu, na hapo hapo nikaona aibu. Kumbe nilikuwa nagombana na bahati yangu mwenyewe.

Jeddah, bawabu alikuja na sare yake, akaomba asicheleweshwe kwa sababu geti amemwachia mwenzake. Hakimu akamuuliza kama ananijua.

"Kila asubuhi huyu dada humsukuma mama mzee kwenye kiti cha magurudumu hadi baharini," akasema. "Saa tatu nawafungulia geti wakirudi. Mtoro gani anarudi kila siku?"

Ripoti ikafutwa, nikapewa ruhusa ya kusafiri. Nililia bila haya, nikicheka humo humo, Mungu wangu. Nilipogeuka kumshukuru bawabu, alikuwa ameshaondoka mbio kazini.

Alasiri nikaenda Ruwais kumuaga mama mzee. Bawabu akanifungulia geti kama kawaida, na nilipotoka, kwa mara ya kwanza hakuniuliza nitarudi saa ngapi.