Siku Mume Wangu Alipombeba Mama

Nilipoondoka nyumbani, moto wa msitu ulikuwa bado ng'ambo ya mto, nyuma ya vilima, na kila mtu alisema hautavuka. Mume wangu alinipeleka uwanja wa ndege tukiwa tumefunga vioo vya gari kwa sababu ya moshi. Tulikuwa tumeshauzoea. Tangu kiangazi kianze ulikuwa ukiingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mito ya kulalia, hata kwenye ugali.

"Nenda tu," aliniambia. "Ukichelewa Wachina watafunga, na duka letu litakaa tupu mpaka Pasaka."

Alisema kweli. Mwaka mpya wa Kichina ukikaribia, viwanda hufungwa, mafundi hurudi makwao, na mwenye duka wa Guangzhou aliyekuwa akikuvuta mkono juzi, leo anakupungia tu kwa mbali: mei you, hakuna, rudi baada ya sikukuu. Nikaenda.

Sisi ni watu wa Uvira. Nilikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, nikaolewa huko huko, na kutoka kambini tukapelekwa Australia, kwenye mji mdogo ambao kazi yake kubwa ni machinjio. Mume wangu anakata nyama. Mimi nilifungua duka la vitenge, mashuka na nguo za watoto kwa ajili ya Waafrika wenzetu, na bidhaa nazifuata Guangzhou. Nyumba tulipanga nje ya mji, karibu na msitu wa mikaratusi, kwa sababu mama yangu tuliyekuwa tukiishi naye alisema hawezi kukaa mahali ambapo jembe litaning'inia ukutani.

Mama alilima. Alipanda lengalenga, yaani mchicha, maharage na maboga, akafuga kuku. Chini ya barabara yetu ya vumbi alikaa mzee mmoja wa Kizungu, mjane, peke yake na matrekta yake mabovu. Yeye na mama hawakuwa na hata neno moja la kuelewana. Mzee alikuwa akimletea mbolea kwa pikapu, mama akimpa maboga, kisha wanasimama kwenye uzio, kila mmoja anasema lugha yake, wanacheka. Mama alimwita Jirani, na yeye, kwa kutusikia sisi, alimwita Mama.

Baba alifariki miaka michache baada ya kufika kule. Tulimzika kwenye makaburi madogo mlimani. Ukisimama kwenye dirisha la jiko unayaona. Lazima niseme kaburi hilo lilikuwa nini kwa mama. Dada yangu mkubwa alikufa kwa homa tulipokuwa tunakimbia, akazikwa kando ya njia, na mpaka leo hakuna anayejua ni wapi. Mdogo wangu alizikwa kambini, na baadaye mahali pale pakajengwa vyoo. Kaburi la baba lilikuwa la kwanza ambalo mama aliweza kulipalilia. Kila Jumapili, tukitoka kusali, alipanda mlima na jembe lake.

Siku moto ulipovuka mto nilikuwa Zhanqian Road, kwenye jengo moja la nguo za jumla, katika duka la mama wa Kichina ambaye nimenunua kwake miaka mingi. Namwita laoban, yaani bosi, na yeye ananiita hivyo hivyo. Ndivyo tunavyoitana sokoni. Tulikuwa tunapimana nguvu juu ya bei ya sweta za watoto. Simu ikaita. Ilikuwa adhuhuri kwa Guangzhou, kule kwetu jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

"Upepo umegeuka," mume wangu alisema. Nyuma yake nilisikia king'ora. "Wametuamuru tuondoke. Watoto nimeshawaweka kwenye gari. Mama hataki."

"Hataki nini?"

"Hataki kuondoka. Amekaa jikoni."

"Mpe simu."

Mwanangu mkubwa akampelekea, na uso wa mama ukatokea kwenye kioo cha simu, wa rangi ya machungwa, kama mtu aliyekaa mbele ya jiko la mkaa. Ilikuwa ni mbingu ya dirishani iliyomwangaza hivyo.

"Mwanangu," akasema, "umekula?"

"Mama, ingia kwenye gari."

"Nimekuuliza kama umekula."

"Mama, moto unakuja!"

"Nauona." Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. "Sikiliza. Nilikimbia nikiwa na mimba. Nilikimbia na watoto mgongoni. Nimekimbia mpaka mvi zimenitokea njiani. Sasa nimechoka. Wapelekeni watoto, ni haki yao. Mimi nitabaki na baba yako."

"Baba amekufa, Mama."

"Mimi ndiye niliyemzika, utaniambia wewe? Wote niliwaacha nyuma. Huyu simwachi." Kisha akaongeza, kama anayenituliza, "Jirani naye anabaki. Nimemwona yuko juu ya paa na mpira wa maji."

Mume wangu akarudi kwenye simu. Alikuwa anahema. Nilimsikia mwanangu mdogo akikohoa garini. "Nifanye nini?" akauliza. "Wanasema barabara itafungwa."

Nikasema, "Mbebe."

Nilimsikia akifunga mlango wa gari, akasogea mbali na watoto.

"Mama watoto," akasema taratibu, "yule ni mama mkwe wangu."

Asiyejua mila zetu hataelewa uzito wa neno hilo. Kwetu mwanamume hampi mama mkwe mkono. Hali naye sahani moja, hapiti nyuma ya mgongo wake, hamtazami machoni. Miaka yote tuliyokaa nyumba moja waliishi kwa kupishana. Mume wangu akitaka kuingia jikoni anakohoa kwanza, na mama akisikia kikohozi anatoka kwa mlango wa nyuma. Wakitaka kuambiana jambo wanamtumia mtoto. Si kwamba hawakupendana. Ile ndiyo ilikuwa namna yao ya kupendana, na kila mmoja alikuwa akimsifu mwenzake kwangu kwa jinsi alivyoishika.

"Nimshike kwa mikono hii?" akauliza.

"Mshike. Kama kuna laana, ije kwangu. Mimi ndiye ninayekutuma."

Aliitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati bila kuizima. Kwa hiyo sikuona kitu, nilisikia tu. Nilisikia kikohozi chake mlangoni, kama kawaida. Nilisikia kiti. Halafu mama, kwa sauti ya chini kabisa: "Hapana, mkwe. Mkwe wangu, usinivue nguo mbele ya wajukuu." Halafu akapiga ukelele. Sijawahi kumsikia mama akipiga ukelele, si njiani, si kambini, si siku ya kumzika baba. Mlango ukabamizwa, watoto wakaanza kulia, gari likaunguruma, na simu ikakatika.

Mimi nilikuwa nimekaa chini, kwenye sakafu ya duka la watu, katikati ya sweta. Kichina changu ni cha bei na saizi; sikuwa na neno la kumwelezea laoban. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya kilima chetu kinavyowaka, nikajigusa kifua. Aliitazama sana. Aliinuka, akashusha mlango wa chuma nusu ili wapita njia wasinitazame, akanisogezea kigoda, akanimiminia maji ya moto. Kisha akampigia simu mfanyabiashara mwenzangu, mwanamke wa Lubumbashi, ambaye tulikuwa tunalala chumba kimoja na ambaye naye ni mteja wake.

Alikuja mbio na mifuko yake. "Ma chérie, mpenzi," akasema, akakaa chini karibu yangu na gauni lake zuri, "kaa tu. Tutakaa wote. Mungu iko."

Tulikaa. Kwenye korido vijana wa mizigo waliendelea kufunga marobota kwa utepe wa gundi, ile sauti yake ya kuchanika. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Kwenye ramani ya zimamoto mtandaoni barabara yetu ilikuwa ndani ya eneo jekundu. Mwenzangu alisali kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha akachoka akawa ananishika tu kiganja.

Jioni ilikuwa imeingia mume wangu alipopiga. Walikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa mji wa pili.

"Tumefika sote."

"Mama?"

"Yuko kwenye kona. Amejifunika shali usoni. Hasemi." Akaongeza: "Njia nzima ilikuwa giza tupu, nilifuata taa za gari la mbele. Na yeye alikuwa ananiuma mkono. Simlaumu."

Nilitaka kurudi siku ile ile. Ndege zilikuwa zimejaa, na nyingine hazikuruka kwa sababu ya moshi. Nikabaki Guangzhou nikiwa sina maana yoyote. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba ya Januari isiyokoma, nguo hazikauki, kuta zinatoa jasho. Nilitembea ndani yake bila mwavuli, nikaichukia. Mji mzima ulikuwa unalalamika juu ya maji.

Mzigo wangu ulitakiwa uingie kwenye kontena kabla magari hayajaacha kwenda bandarini Nansha. Mwenzangu akaniambia bora nifanye kazi kuliko kukaa na kuitazama simu, akanichukua twende mtaa wa Yide Lu, ambako yeye hununua vitu vya kuchezea na daftari za shule. Nikamfuata. Nikanunua na mimi. Nilikuwa nanunua kwa ajili ya duka ambalo sikujua kama lina mji wa kusimama ndani yake. Miezi baadaye nilipofungua maboksi nilikuta glavu za watoto wachanga, nyingi ajabu, na hakuna hata shuka moja. Sikumbuki kuzinunua.

Habari ya nyumba ilikuja baada ya askari kuwaruhusu watu kurudi. Nyumba yetu ilikuwa imesimama. Upepo uligeuka tena chini ya barabara, moto ukapanda kwa upande wa makaburi. Lakini nyumba ya Jirani iliteketea, na yeye mwenyewe walimkuta kando ya tangi lake la maji.

Nilipofika, ukimya ndio ulionishtua. Hakuna ndege, hakuna mdudu. Mikaratusi ilisimama myeusi, na ardhi chini yake ilikuwa ya kijivu na laini, ukikanyaga inatoa vumbi. Kuku walikuwa wamekufa bandani, hawakuungua, walikosa hewa tu. Lengalenga zilikuwa zimekauka zikiwa zimesimama, ukizigusa zinavunjika. Kaburini, msalaba wa mbao wa baba ulikuwa umebaki kisiki cha urefu wa kidole.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje. Hakuwa akiingia ndani mume wangu akiwemo. Nilikaa kando yake.

"Nyumba imesimama," akasema.

"Ndiyo, Mama. Tumshukuru Mungu."

"Ningekuwa ndani yake, mzima."

"Hatukujua. Ungeweza kufa."

"Jirani alikataa kuondoka. Hakuna aliyekwenda kumbeba."

"Jirani amekufa, Mama."

"Amekufa akiwa mtu," akasema. "Mimi nilitolewa kama gunia. Wajukuu zangu waliona mapaja yangu."

Nikirudi kwenye simu ile, nikimwona mama kwenye ile mbingu ya machungwa, nasema tena neno lile lile. Mbebe. Halafu namkumbuka pale kwenye ngazi.

Tulikwenda kumzika Jirani. Hakuwa na ndugu wengi. Tulijaa benchi zima. Mama alitupa udongo kaburini kwa mikono miwili, akasimama muda mrefu akimwambia maneno ambayo hakuna aliyeyasikia vizuri.

Mume wangu aliwauliza watu wetu wa Uvira waliotawanyika kule namna ya kulisafisha jambo hili. Wakamwambia mbuzi na kitenge. Mbuzi tukampata kwa mkulima mmoja, kitenge kikatoka dukani kwetu, kizuri kuliko vyote. Mama alipokea vyote kupitia kwa mwanangu mkubwa. "Mwambie baba yako simdai," alimwambia. "Hana kosa. Mwambie nimesema hana kosa." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti nyingine: "Lakini siwezi tena kusikia kikohozi chake mlangoni."

Kaka yangu, ambaye naye yuko Australia, alikuja kumchukua. Anaishi mji mkubwa, ghorofani, mahali ambapo udongo unauzwa dukani kwenye mifuko ya plastiki. Mama yuko huko mpaka sasa. Kaburi la baba nalipalilia mimi, vibaya, naye hajaniuliza kama nimelipalilia. Nilitegemea atauliza.

Mwaka uliofuata mtoto wetu mdogo alibatizwa kwenye kanisa lililo karibu na kwa kaka. Baada ya ibada tulitandika chakula uani. Mama alikuwa amekaa na kina mama wengine chini ya turubai, amevaa kile kitenge, na nilipokiona moyo wangu uliruka kwa furaha. Mume wangu akatokea mlango wa kanisa. Mama alimwona. Akajivutia shali usoni, akageuza kiti chake kikatazama ukuta.

Mume wangu alisimama pale na suti yake. Kisha akarudi nyuma bila kugeuka, akazunguka kanisa kwa upande wa pili, akaenda kukaa kwenye gari. Nilimpelekea sahani yake. Aliipokea kupitia dirishani, akaniuliza mama atatoka kwa njia ipi. Nilipomwonyesha, aliweka sahani kwenye kiti, akawasha gari, akalisogeza mpaka mwisho wa barabara, upande ambao mama hatapita.